Blanketi la Sandukuni

Mimi ndiye niliyefungua sanduku.
Nilikuwa na miaka tisa, na bibi Evanthia alinipa ufunguo
kama anayenikabidhi nyumba nzima.
Mashuka ya harusi, soksi za sufu,
na chini kabisa blanketi jeupe alilolifuma mwenyewe
mwaka aliomzaa mama.
Ndani ya mikunjo, vidonge vya kufukuzia nondo.
Nilivikung'uta vikabingirika sakafuni.
Nikalinusa blanketi. Nikalipenda.

Mdogo wangu hakuwa na jina.
Kwetu Karditsa jina hungoja ubatizo;
kabla ya hapo ni bebe tu.
Tukamviringisha bebe, pua nje, siku ya pili ya maisha yake.

Siku ya tatu mama akasema: ni taa hii.
Siku ya nne jirani, Polyxeni, akasema: mwekeni dirishani,
wangu wote walikuwa hivi,
manjano ni mgeni, huja na huaga.
Kweli, kwa wengi huaga.
Ini la mtoto ni changa, halijajua kazi,
damu iliyochakaa hurundikana mlangoni
mpaka siku litakapoamka na kufagia.
Lakini dirishani palikuwa na Februari,
ukungu, na mabua ya pamba yaliyokwisha kuvunwa.

Yalianza machoni. Yakashuka kifuani,
mapajani,
yakafika kwenye nyayo.
Naye hakulia. Hilo ndilo lililomwinua bibi kitini:
mtoto amesahau ziwa.

Daktari Thomai alibonyeza paji la uso kwa kidole,
akakiondoa, akatazama.
Hakusema neno. Akainama.
Akanusa.
"Hili blanketi lilikaa wapi?"

Nilitazama viatu vyangu.

Usiku ule walimbadilisha damu kwa bomba la sindano,
kupitia kitovu, kidogo kikitoka, kidogo kikiingia,
na iliyoingia ilikuwa ya dereva wa lori la pamba
aliyekuja kumwona mkewe mgonjwa
akakunja mkono wa shati alipoulizwa kundi lake.
Hatukumwona tena. Bibi alimwashia mshumaa kila Jumapili,
bila jina, kama bebe.
Kisha taa ya buluu: uchi, macho yamefungwa kitambaa,
akageuzwageuzwa kama mkate,
na mama akiitwa kila saa mbili amnyonyeshe,
maana manjano hutoka na choo, alisema nesi,
na choo hakitoki tumbo likiwa tupu.

Bibi alikaa koridoni, mikono mapajani.
"Nimemuua kwa usafi," alisema.
Daktari akakaa kando yake, akauliza habari za baba yake.
Baba yake bibi alichimba mifereji ya kukausha kinamasi;
wenzake waliondoka na malaria mmoja mmoja,
yeye akarudi na koleo lake begani.
Tulizoea kusema ana damu ngumu.
"Damu hiyohiyo," daktari akasema.
"Ina upungufu mdogo. Homa za kinamasi huikwepa.
Lakini maharage mapana huipasua, na vidonge vile pia.
Akakupa wewe, ukampa binti yako,
naye akampa huyu. Ninyi wanawake mliibeba tu,
kitukuu ndiye aliyelipa."
Bibi hakujibu. Sijui kama alisikia faraja
au hesabu ya deni.

Siku ya tisa bebe alilia hadi koridoni.
Nesi akacheka. Mimi nikatapika.

Sasa anaitwa Lazaros, ana upara,
ana duka la matairi, hagusi maharage,
na hajui ni nani aliyekung'uta vidonge vile.
Mwaka huu binti yake ni mjamzito.
Juzi alinipigia simu:
Shangazi, lile blanketi la bibi bado lipo?

Lipo. Nimelifua mara sijui ngapi,
nikalianika juani kila kiangazi, halina harufu,
mimi ndiye ninayeisikia.
Nikamwambia: litakuja.
Kwanza nitumie majibu ya damu ya kisigino.